Jeki ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na heshima zake za kizamani, na moja ilinikera kuliko zote: hakuzungumza na mke wa mwanawe moja kwa moja. Nikimpa shikamoo, aliitikia marahaba huku akiutazama mgomba. Akiwa na neno kwangu, alimwambia mama mkwe, naye akaniletea jikoni. Tuliishi hivyo Machame miaka mitatu, kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, na sina hakika kama aliujua uso wangu.

Nami nilitaka kitu kimoja tu kwake: usukani wa pikapu. Mume wangu alikuwa mlimani akipandisha wageni siku nyingi kuliko alizolala nyumbani, na dereva wetu alikuwa ametukimbia akaendeshe watalii, kama walivyofanya madereva wengi wenye akili miaka ile ya tisini. Mzee mwenyewe goti lilimuuma hata kukanyaga klachi kukawa adhabu. Leseni nilikuwa nayo, niliipata Moshi mjini kabla ya kuolewa, imelala sandukuni chini ya kanga. Nikamtuma mama mkwe apeleke ombi. Jibu likarudi kwamba kwanza nitunze jeki, habari za gari tutaona baadaye.

Jeki yenyewe ilikuwa ile ndefu ya chuma, inanifika kifuani, imetobolewa matundu toka juu hadi chini. Ukipampu mpini, kichwa chake kinapanda tundu baada ya tundu. Mzee aliipata alipostaafu udereva kwenye shamba moja kubwa, na aliifunga mbele ya bampa, nje kabisa, ilale na jua, mvua na vumbi. Nikamuuliza mama mkwe jeki hutunzwaje. Akaenda kwa mzee, akakaa huko muda mrefu, akarudi na jibu.

"Baba anasema ipake mafuta."

Basi niliipaka. Nilishuka hadi gereji moja ya Njoro, Moshi mjini, nikanunua kopo la grisi nzito, nikaisiriba jeki kama mtoto anayepelekwa kanisani Jumapili. Sikuacha tundu wala pini. Kila Jumamosi nikiona imefifia, naongeza. Nilijisikia fundi, na sioni aibu kusema kwamba nilijisifu kwa majirani.

Kiangazi kikaingia. Siku moja tukawa tunapeleka ndizi soko la Sanya Juu, mimi na mzee peke yetu, yeye akiendesha kwa kuvumilia goti, kwa sababu mama mkwe alikuwa na kikao cha akina mama wa usharika. Tulipokuwa tumeiacha Boma Ng'ombe nyuma, vumbi limetujaa hadi kwenye kope, tairi la nyuma likapasuka. Mzee akashuka, akaifungua jeki, akaitega, akavuta mpini. Kichwa hakikupanda. Akavuta tena, wapi. Grisi yangu ilikuwa imekusanya vumbi la miezi mitatu ikawa kitu cha kahawia, kizito kama kande iliyolala, na zile pini mbili ndogo zinazotakiwa kuruka ndani ya matundu zilikuwa zimezikwa humo.

Nikajua usukani ndio basi tena. Nilitaka kulia, na papo hapo nilikuwa na hasira, maana Jumamosi zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye uji ule.

Mzee aliangalia barabara juu na chini, akitafuta mtu wa kumtuma kwangu. Hapakuwa na mtu. Mwishowe aliinama mbele ya jeki.

"Jeki," akasema, "nani amekufanyia hivi?"

Nikasubiri kidogo. Nilipoona jeki imenyamaza, nikainama upande wa pili.

"Jeki, mwambie baba ni mimi. Niliambiwa ipake mafuta, nikaipaka."

Akaikwangua grisi kwa kucha. Kisha, taratibu, akaieleza jeki yale aliyomwambia mama mkwe siku ile: kwamba jeki inayolala nje haipakwi grisi, kwa kuwa grisi inaita vumbi. Inasuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, inakaushwa, halafu pini na springi zake zinapewa matone mawili matatu ya oili nyepesi. Chuma kirefu kinapanguswa tu kwa kitambaa chenye oili kidogo, na mvua zikianza kichwa kinavalishwa mfuko.

"Jeki," nikasema, "mwambie baba hayo yote yalifika jikoni yakiwa maneno mawili."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni goti, kumbe mzee alikuwa anacheka.

Tukaanza kazi, yeye akiielekeza jeki na mimi nikitenda. Nilinyonya dizeli tangini kwa mpira, nikapata funda moja la bure, nikaosha kichwa chote. Brashi hatukuwa nayo, nikasugua kwa majani makavu ya mgomba tuliyotandikia ndizi. Oili tuliidondosha kutoka kwenye kijiti cha kupimia injini, tone kwa tone. Nilipoushika mpini, mzee akaiambia jeki inionye nisiweke kidevu juu yake, utanivunja meno. Nikarudi nyuma nikapampu. Pini ikalia ta, gari likainuka, na nilifurahi kuliko siku niliyopata leseni.

Tairi la akiba lilipokwisha kufungwa, mzee hakuirudisha jeki kwenye bampa. Aliipangusa, akazunguka gari, akaingia mlango wa kushoto. Akanyoosha goti lake, akaisimamisha jeki katikati ya viti, akatazama mbele. Mimi nimesimama barabarani na mikono myeusi, nauangalia usukani hauna mtu.

Nikaingia. Ufunguo ulinishinda mara mbili. Nikawasha, nikatia gia, nikaachia klachi nusu, nikakanyaga mafuta. Gari likaunguruma pale pale lilipo. Nikaongeza mafuta, likazidi kuunguruma.

"Jeki," akasema mzee, "mwambie mwanangu aachie hendibreki."