King'ora cha Githeri

Idara ya majanga ilikuwa na mkurugenzi, karani, mlinzi na mpika chai. Wote walikuwa mtu mmoja, Jedidah wa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Serikali ilipomwajiri iliahidi kumletea wenzake. Ahadi ikaondoka na walioitoa. Bajeti nzima ilimezwa na king'ora, kikatundikwa juu ya paa la ofisi kule mtaa wa Majimbo, na yeye akabaki na kiti kimoja, tena kibovu.

Fundi aliyekifunga alimwonya kwamba kisipolia kitashika kutu. Basi Jedidah, mwaminifu kupindukia, akawa anakiliza kila siku saa sita mchana, kidogo tu, cha majaribio. Masikini, hakujua anawafundisha watu nini. Haukupita muda, mafundi wa Majimbo walikuwa wakiweka nyundo chini kikilia, vinyozi wakiacha vichwa nusu, na Winfred wa hoteli hafunui sufuria yake ya githeri, mahindi na maharagwe, mpaka akisikie.

Kisha zikaja habari kwamba kamati ya waheshimiwa ingekuja kesho yake saa sita mchana kuona kama wakazi hukimbilia uwanjani king'ora kikilia. Wasipokimbia, idara inafungwa. Jedidah aliogopa, aliogopa kweli. Alikuwa na watoto shuleni, na kazi hiyo aliipenda hata watu walipoicheka. Akazunguka mtaa mzima akibembeleza.

"Saa ya lanchi, madam?" Nyamu, seremala, alimuuliza. "Si utuue tu hapa hapa!"

Mazoea yana taabu. Jedidah akaingia hotelini kwa Winfred, akaketi, akafikiri, mwishowe akauliza, "Dada, hii sufuria yako inaweza kuhama kesho?"

Winfred alicheka mpaka akashika meza, kisha akawaambia wateja kesho waende na sahani uwanjani.

Siku ilipofika, waheshimiwa walikaa uwanjani chini ya hema. King'ora kilipolia, Majimbo ilimwagika yote. Nyamu alikuwa mbele, anatimua vumbi, sahani kwapani.

"Na hizo sahani?" akauliza Mheshimiwa Ndwiga, mwenyekiti wa kamati.

"Vifaa vya dharura, mheshimiwa," Jedidah akajibu.

Ndwiga akanusa hewa. Hakuwa mjinga. Akainuka, akafuata harufu hadi nyuma ya ukuta wa uwanja, akamkuta Winfred ameshika mwiko na foleni imeshapangwa. Jedidah akafumba macho, akaiaga kazi yake kimoyomoyo.

"Mama," Ndwiga akasema, "hakuna sahani ya mgeni?"

Idara haikufungwa. Kamati ilisifu sana utayari wa wananchi, ikaagiza Jedidah aongezewe mfanyakazi, yule aliyeahidiwa miaka nenda miaka rudi. Asubuhi alipofika mwenzake huyo mpya, Jedidah alikuwa amepiga deki na kuvaa gauni la kanisani.

Mlango ukafunguliwa. Winfred akaingia na mwiko wake na barua ya kazi kutoka kwa kamati, akauliza atakaa wapi. Jedidah akainuka, akampa kile kiti kibovu.