Chuchu ya Dativa

Mwaka 1996, mpunga ulipoanza kuweka maziwa, Levina alivuka mto Kilombero na bintiye Dativa, wa miaka miwili na nusu, kwenda kuamia ndege wasiule. Waliishi juu ya dungu, kibanda cha miti chenye miguu mirefu, na chini yao maji ya mafuriko yalimfika mtu mzima kiunoni. Ushuke uende wapi? Mtumbwi wa Dionisi ulitoka Kivukoni Jumamosi tu.

Beatus, mumewe, alikuwa Kidatu akikata miwa. Ndiye aliyemletea mtoto chuchu ya mpira, ya bluu. Ilimnyamazisha, na Levina alishukuru, mpaka alipopata nafasi ya kujifunza ushonaji kwa masista Ifakara. Wanafunzi walilala bweni. Mtoto ingebidi alelewe na mama yake Beatus, Kandida, naye Kandida alikuwa na sharti.

"Nimelea saba bila mpira mdomoni. Unaanguka topeni, anaokota, ananyonya. Akiharisha nimbebe mimi hospitali? Mwachishe kwanza, mama Dativa, ndipo nije kumchukua."

Levina alikuwa na majuma manane kabla ya masomo.

Aliipaka chuchu mwarobaini. Dativa alikunja uso, akatema, akaifuta chuchu kwenye gauni na kuirudisha mdomoni. Alipaka pilipili. Mtoto alilia hadi midomo ikavimba, na Levina mwenyewe akaiosha. Kila kilio kilikuwa na bei yake, kwa kuwa ndege wa kwelea hawangoji mtoto abembelezwe. Walishuka kama moshi uliobadili nia, na walipoinuka waliacha masuke meupe, mepesi, yasiyo na kitu.

Majuma matano yakapita hivyo. Asubuhi moja alikata ncha ya chuchu kwa wembe. Dativa alinyonya, akaitoa, akaitazama.

"Mama, imekufa."

"Eeh. Imekufa."

"Tuizike."

Ardhi kavu haikuwepo. Wakaidondosha majini. Haikuzama. Ilizunguka mguu wa dungu, ikanasa kwenye majani, ikanasuka, na Dativa akalala kifudifudi akiiita kama anavyoitwa mbuzi. Ilipopotea alianza kulia. Saa kumi alikuwa bado analia, na kundi la jioni lilikuwa linakuja. Levina, kombeo mkononi, hakufikiri. Alimtia mtoto mdomoni kidole kidogo cha mkono wake mwenyewe wa kulia.

Kimya.

Ilikuwa iwe mara hiyo tu. Lakini juma halikuisha Dativa akawa halali wala hakai bila kidole kile. Ngozi ilibabuka, ukucha ukawa laini kama wa mfua nguo. Levina alirusha kombeo kwa mkono wa kushoto, na ndege wakajua.

Jumamosi ya mwisho kabla ya masomo, mtumbwi ulileta watu wawili: Beatus, aliyekuja kushika zamu mpaka mavuno, na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chuchu iko wapi?"

"Imekwenda na maji."

Kandida akapiga kigelegele. Dionisi, aliyeushikilia mtumbwi kwa upondo, akacheka. "Basi bibi leo unarudi na mke mwenzio!"

Kisha Kandida akakiona kidole mdomoni. "Na hicho?"

"Mama, kidole si kinabaki kwa mama yake?" Beatus alisema.

"Kinabaki. Atalia siku tatu, atachoka. Nipe mtoto."

Levina alichomoa kidole. Dativa hakulia. Aliushika mkono wa mama yake kwa mikono yake yote miwili, akatetemeka mwili mzima bila sauti, mdomo wazi. Levina alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Kisha akakirudisha.

"Mama, tungoje Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo wenzako wanashona, shemeji," Dionisi alisema taratibu.

Kandida hakugomba, na Levina alitamani angegomba. Mama mkwe alishuka ngazi, akakaa katikati ya mtumbwi, akafunga kanga kichwani.

"Nitawaambia masista unaumwa."

Upondo ulisikika ukichoma maji, ukasikika tena mbali zaidi. Dativa alikuwa ameshasinzia. Beatus akauliza chumvi iko wapi, na Levina akamwonyesha kwa kidevu.