Kadi Iliyokwenda Kimbiji

Chausiku alikuwa na mkasi mmoja tu, tena wa fundi cherehani, mzito, mpini wake mmoja umevunjika ukafungwa kitambaa. Kwa mkasi huo aliwakatia watu wa Temeke kadi za harusi kuanzia mwaka tuliopata uhuru mpaka mwaka wa sabini na tano. Baada ya hapo hakumkatia mtu tena. Nataka niwasimulieni kwa nini, maana wengi walioolewa kwa kadi zake bado wapo, na hadi leo wananiuliza.

Mie nilikuwa mpangaji wake. Nilitoka Masasi na mwanangu Fransis mgongoni, nikapanga chumba cha uani, na ukuta kati yetu ulikuwa wa udongo, mwenzangu akikohoa nasikia. Asubuhi alikwenda kufagia katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa kule Chang'ombe. Mashine ikishakata vitabu, hubaki vipande vya pembeni, vyembamba kwa vipana, na msimamizi alimruhusu kila Jumamosi ajaze gunia. Hilo gunia ndilo lililokuwa shamba lake.

Mtu kama mie nilidhani karatasi ni karatasi. Chausiku alikishika kipande, akakikunja kidogo upande huu, akakikunja upande ule, halafu akasema, "Hii imelalia huku, Mama Fransis. Ukiikunja inavyolala inakutii. Ukiilazimisha inavunjika mgongo." Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, akatia maji ya mwarobaini ili mende wasiile. Rangi ilikuwa bluu ya kufulia, manjano ya jikoni na hina. Ukingo wa kadi alitoboa kwa sindano, nukta kwa nukta, akifuata mtindo wa ukili wa mkeka, hata ukiinua kadi juani, kivuli chake ukutani kinakuwa mkeka mdogo.

Na ndani, kila kadi ilikuwa na maneno yake, kama jina la khanga. Hakurudia. Aliyekaa sana bila kuolewa aliandikiwa, "Kilichochelewa jikoni ndicho kilichoiva." Wanawake walikuja uani kusomewa tu, hata wasio na harusi. Siku moja mmoja wao, Tabu, aliyekuwa ameachika, akamchokoza.

"Mama Mauwa, kadi yangu mie uliikata mshazari. Ndiyo maana mume akapotea njia."

Chausiku hakuinua macho. "Mumeo hakupotea njia. Alipita hapa na godoro kichwani, nikamwamkia."

Tukacheka mpaka gundi ikamwagika. Ndivyo uani kulivyokuwa. Nayasema haya ili mjue kilichokuwepo kabla.

Mwanawe alikuwa mmoja, Mauwa. Mume wa Chausiku, Pazi, alifia bandarini waya wa winchi ulipokatika, mtoto ana miaka sita. Mauwa akasoma, akawa anafundisha watu wazima kusoma jioni, enzi zile kila mtaa una darasa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo mama alikata na binti akaandika. Akaposwa na kijana aitwaye Nassibu, karani wa bandarini, mpole, wa familia ya watu wazima wenye heshima zao huko Kipawa. Mauwa alimpenda. Hakusema, lakini niliona jinsi alivyoanza kuoga mara mbili.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwa dini yao binti huozwa na baba yake, na baba asipokuwepo, babu, au kaka, au ndugu wa baba. Mauwa hakuwa na babu wala kaka. Alibaki mtu mmoja duniani wa kumwoza, baba yake mkubwa Shomari, kaka yake Pazi, mkulima wa minazi huko Kimbiji. Bila yeye hakuna ndoa.

Mzee Shomari alikuja siku ya posa, akakaa mkekani na kanzu yake iliyotiwa bluu, akala, akakubali kila kitu. Wakati wa kuondoka akamwambia Chausiku mlangoni, nami nipo, "Shemeji, mkishapanga siku, mje mniambie."

Tukamwitikia. Wala hatukulipima neno.

Siku ilipopangwa, mwezi wa Juni, Chausiku miguu ilikuwa imemvimba. Mvua zilikuwa zimetoka kukatika, na njia ya Kimbiji ukishavuka maji kwa pantoni ilikuwa tope na madimbwi, magari hayapiti. Hizo ndizo sababu tulizozisema. Lakini nitawaambia na ile nyingine, maana Chausiku mwenyewe hakuificha baadaye. Alikuwa ametengeneza kadi.

Kadi ya harusi ya mwanawe. Alikuwa ameweka karatasi ile kwa miaka minne chini ya godoro, nzito, nyeupe kama tui, akiingojea siku hiyo. Za watu wengine zilikuwa nzuri, lakini ya Shomari alikaa nayo siku tatu. Ukingo aliutoboa mara mbili, ukili juu ya ukili. Ilikunjuka mikunjo minne, na katikati ukiifungua uliinuka mnazi wa karatasi, makuti yake membamba kama uzi, ukasimama wenyewe. Nikamwambia, na Mungu anisamehe, "Mama Mauwa, hiyo usimpelekee mtu kwa mdomo. Ipeleke yenyewe iseme."

Akacheka. "Na itasema."

Mauwa alisita kidogo. "Mama, baba mkubwa si alisema twende?"

"Miguu hii itafika lini? Na wewe utavuka peke yako? Nampa heshima kuliko miguu, mwanangu. Yake hiyo hata waziri hajapata."

Tukampa Bakari, mchuuzi wa samaki aliyekuja na baiskeli yake kutoka huko huko Kimbiji. Akaifunga ndani ya khanga, juu ya tenga, isinuke samaki. Baada ya siku tano akarudi.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta barazani na wenzake. Kaipokea kwa mikono miwili. Kasema, nimeipata."

Chausiku alilala vizuri usiku ule. Nilimsikia akikoroma.

Siku ya harusi mchele tulikuwa tumeuhangaikia wiki tatu, maana mwaka ule mchele uliutafuta kama dawa. Sufuria zikapanda. Baada ya adhuhuri wakaja watu wa Nassibu na dufu lao, shehe akaja, wakaketi. Nassibu amefunga kilemba, jasho linamtiririka. Tukasema mzee yuko njiani, pantoni ina foleni. Alasiri ikaingia, wakasali, wakaketi tena. Chausiku alikuwa akitoka mpaka barabarani na ile miguu yake, anarudi, anatoka. Mauwa amekaa chumbani na hina yake, akiniuliza mie, "Mama Fransis, amefika?" na mie namjibu, "Anakaribia."

Jua lilipoanza kuinama, baba yake Nassibu alisimama. Hakugomba. Alisema, "Shehe, binti ana baba mkubwa mzima, hai, anatembea. Sie hatukuja hapa kuiba mtoto. Tunawapa wiki mbili mkamlete."

Shehe alitaja kwamba kuna njia ya kadhi, mwenye kuoza akikataa bila sababu. Yule baba akatikisa kichwa. "Mke wa mwanangu asije akaambiwa aliozwa na ofisi."

Wakaondoka bila kupiga dufu. Pilau tuliigawa mtaani, watu wakala kimya kama matanga.

Kesho yake tulikwenda Kimbiji, mie na Chausiku, siku mbili njiani, tumemshika huku na huku mie na fimbo. Tulimkuta mzee katika kijiji kipya cha serikali, nyumba zimepangwa mistari, mbali na shamba lake. Mie sikujua kama alihamishwa. Hata Chausiku hakujua. Hilo peke yake lilitosha kutuaibisha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibuni. Poleni na njia." Akatuletea madafu, akatutandikia mkeka, akauliza hali ya kila mtu hata ya Fransis. Adabu yake ilinitisha.

Chausiku akasema, "Shemeji, tulikungoja."

Mzee akanyanyuka, akatoa kikapu kilichoning'inia darini. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Akaziweka mkekani, moja huku, moja huku. Ya kwanza ilikuwa imechapwa mashine, ina mhuri, ina tundu la msumari juu.

"Hii niliikuta imepigiliwa kwenye mnazi wangu. Mie sijui kusoma. Nikamwita mtoto wa shule akanisomea mbele za watu. Ikasema nihame. Nikahama." Akagusa ya pili. Ulikuwa mnazi wa Chausiku, umesimama, haujapinda hata kuti. "Hii nayo imeletwa nikiwa barazani. Nikamwita mtoto yule yule. Akanisomea mbele za watu wale wale. Ikasema, bwana Shomari bin Kondo na jamaa zako, mnaalikwa. Watu wakaniuliza, kumbe Shomari, mtoto wa Pazi si wako? Ya kwanza ilinitoa shambani kwangu, shemeji. Hii ilinitoa kwenye ukoo wangu."

"Nilikutengenezea kwa heshima," Chausiku akasema.

"Naiona. Kazi nzuri. Mgeni apewe kadi. Mgeni huja, akala, akanawa, akaenda zake. Mgeni haozi."

Chausiku akashuka mkekani mpaka mchangani, akamshika miguu. Mzee akajivuta pembeni kwa haya. "Usifanye hivyo. Nimekula yamini mbele ya wanakijiji kwamba sitamwoza. Hapa nilipo sina mnazi, sina kisima, sina kaburi la babangu. Nina neno langu tu. Nikilimeza na hilo, kesho nitaamka nikiwa nani?"

Nikamwambia, mzee, kiapo si kina kafara yake, funga siku tatu. Akanitazama, mtu wa bara naingilia mambo ya watu. Akasema atafikiri.

Tulirudi na hilo neno. Na mnajua Chausiku alifanya nini? Alikaa chini akaanza kukata kadi nyingine. Za kuwaita watu upya. Sitini. Mauwa akaziandika zote, jina lake, jina la Nassibu, mahali. Pale pa tarehe wakaacha nafasi. Nilitaka kumwambia aache, nikaona mikono yake ndiyo pekee isiyotetemeka, nikamkorogea gundi. Wiki mbili zikaisha ile nafasi haijaandikwa. Zikaisha nyingine mbili. Nassibu alikuja mara moja jioni, akasimama na Mauwa penye bomba, wakazungumza chini chini. Kisha akahamishiwa bandari ya Mtwara, na kabla ya Ramadhani tukasikia baba yake amemwozesha binti wa rafikiye.

Shomari alikuja mwezi wa Shaabani. Alikuja kwa miguu kutoka pantoni, kanzu mpya, jogoo wawili wamefungwa miguu. Alikuwa amefunga zile siku tatu, halafu akafunga nyingine nne kwa shaka. Akabisha hodi. "Nimekuja kumwoza mwanangu."

Mauwa ndiye aliyetoka, akamwamkia, akampokea jogoo. Akasema, "Baba mkubwa, wameshaoa kwingine." Basi. Mzee alikaa kibarazani mpaka jioni, kofia magotini. Alipoondoka aliiacha juu ya mkeka ile kadi ya mnazi, aliyokuja nayo. Hakuna aliyemwambia aichukue, hakuna aliyemwambia aiache. Miaka miwili baadaye alikufa, na habari zake alituletea Bakari, kwa mdomo.

Wakaja wachumba wengine wawili kumtaka Mauwa. Waliposikia dufu lilirudi kimya, wakaingia mitini. Darasa lake la jioni likafungwa, taa haikuwa na mafuta. Akaanza kuuza karanga mbele ya nyumba. Lakini karatasi ya kufungia ilikuwa imeadimika, hata gazeti la juzi lina mwenyewe, na kile kiwanda kilikuwa kinafanya kazi siku mbili kwa wiki, gunia la Jumamosi halipo tena.

Siku moja nilitoka nikamkuta Mauwa amekaa kwenye kibao, boksi la zile kadi sitini liko wazi mbele yake. Alikuwa anazisokota kadi kuwa vikoni vya karanga. Maandishi aliyaweka ndani, upande mweupe nje. Aliyoanza nayo ilikuwa ya Shomari. Mnazi aliung'oa kwanza, maana ulizuia kukunja.

Nikaona Chausiku amesimama mlangoni. Nikasema moyoni, leo patachimbika. Akasogea, akakaa kando ya mwanawe, akauchukua ule mkasi.

"Hivyo itafunguka," akasema. "Ona inavyolala. Isokote huku."

Wakasokota mpaka boksi likaisha. Mie nilinunua viwili. Vyangu sikuvikunjua nisome yaliyo ndani. Nilizimimina karanga mkononi, nikala, nikaomba radhi, kwa ule ushauri wangu, kwa yeyote anayenisikia.