Pampu ya Tatu

Fundi wetu wa pampu alipostaafu na kurudi kwao kulima mpunga, nilibaki na wiki sita tu kabla ya mvua. Nilikuwa msimamizi wa karakana kwenye mgodi mmoja upande wa Geita, na pampu tatu za chini ndizo zilizokuwa zikituepusha na mafuriko. Mvua zikikuta hakuna mtu wa kuzilea pampu hizo, shimo lingejaa, kazi ingesimama, na wa kujibu ningekuwa mimi.

Nikampelekea dada afisa ajira wetu tangazo la zamani, nimebadilisha tarehe tu. Akaniletea watu watano wenye vyeti vya kung'aa. Nikawakataa wote, kisha nikaenda ofisini kwake nimefura, nikamwambia ninyi watu wa ofisini mnajua karatasi tu. Hakukasirika. Aliniuliza, "Kaka, tangu yule mzee aondoke, umemkumbuka kwa jambo gani?"

Sikuwa nimejiuliza hivyo hata siku moja. Nikasema alikuwa anasikia pampu inaumwa kabla geji haijaonyesha. Akafunga daftari, akaomba buti na helmeti.

Basi tukashuka. Nikampa bisibisi ndefu na kumwonyesha: ncha unaiweka pale beringi inapokaa, mpini unauweka sikioni. Pampu ya kwanza alisikia mvumo. Ya pili, mvumo. Ya tatu aliisikiliza kwa muda mrefu, akasema hii kama inatafuna mchanga. Nikacheka. Nilikuwa nimeikagua mwenyewe asubuhi ile, nikamwambia sikio geni husikia mengi. Naye akacheka, lakini akaandika kitu.

Tangazo jipya tuliliandika pamoja, mistari minne, vyeti tukavishusha mwisho kabisa. Hakuishia kulibandika. Alikwenda Kahama kwa wauza vipuri, akawauliza wenye pampu za mashambani humwita nani zikigoma. Wote wakamtajia mzee mmoja, wakampa na namba yake.

Nilikuwepo ofisini kwake alipompigia. Akajitambulisha vizuri, akasema kuna kazi mgodini. Simu ikakatwa. Akapiga tena, mzee wa watu akamwambia atafute mjinga mwingine. Sikumlaumu. Huku kwetu watu wamechoshwa na matapeli wanaogawa kazi za mgodini kwenye simu, ili mradi utume kwanza hela ya sare.

Mimi nilishakata tamaa. Yeye akapiga mara ya tatu.

"Shikamoo baba."

Akaitikia marahaba, maana shikamoo haiachwi hewani hata na mwenye hasira. Kabla hajakata, dada akaendelea: "Baba, pampu inazunguka, geji iko sawa, ila nikiweka bisibisi sikioni nasikia inatafuna mchanga. Nifanyeje?"

Simu haikukatwa. Kisha mzee akauliza taratibu, "Ukiigusa ina joto?"

Niliinuka kwenye kiti. Moyo ulinienda mbio kama nimeona dhahabu. Dada akaweka spika, tukazungumza naye watu wawili karibu nusu saa, yeye akiuliza, mimi nikiongeza, na kila jibu la mzee lilikuwa jibu la mtu aliyeshika kitu kwa mikono yake. Nilitamani nipande basi siku hiyo hiyo nikamchukue. Mwishoni ni mzee mwenyewe aliyeuliza hiyo kazi iko wapi.

Alikuja Alhamisi na bisibisi yake, mpini umechakaa. Tukashuka watatu. Pampu ya kwanza akaipita. Ya pili akaipita. Kwenye ya tatu akafumba macho, akasema, "Hii Jumapili haifiki."

Nikabisha. Nikaagiza ifunguliwe ili nimwonyeshe, na beringi ikatoka imeliwa upande mmoja. Nilifurahi mno, nikamkumbatia mzee na grisi zake zote. Tulikuwa tumepata fundi, na mvua zilikuwa bado hazijaanza.

Nilipogeuka, afisa ajira alikuwa amefungua daftari lake ukurasa wa siku ile ya kwanza. Palikuwa na mstari mmoja: pampu ya tatu, mchanga. Nikaona aibu mpaka masikioni. Siku zote zile nilidhani swali la kwenye simu alilitunga kama chambo. Kumbe alikuwa anauliza.