Pistoni na Mbuzi wa Mama Halima

Mniite mjinga, nitaitika. Mimi huchonga vyuma vidogo vya treni za mvuke za kuchezea hapa mtaani Bulla Pesa, na pistoni moja, ndogo kama punje ya mahindi, ilinichukua wiki nzima. Niliiosha katika bakuli la ndimu na chumvi ing'ae, kisha nikaenda kuswali. Niliporudi, mbuzi wa jirani yangu, Mama Halima, alikuwa akilamba lile bakuli la chumvi. Pistoni hakuna.

"Ameimeza! Mchinje," nikamwambia Mama Halima.

"Wallahi, fundi, mbuzi wangu achinjwe kwa sababu ya kachuma?"

Basi nikaomba nimfunge mlangoni kwangu. Siku tatu niliyapekua mavi yake kwa kijiti, punje kwa punje, mtaa mzima ukinitazama. Niliapa sitaacha.

Siku ya nne Mama Halima alikuja kumchukua mbuzi wake. Akaiona treni mezani, akazungusha gurudumu kwa kidole. Pistoni ikachomoza kwenye silinda, ikarudi, ikachomoza tena, inang'aa. Kumbe nilikuwa nimeifunga humo mwenyewe kabla ya kwenda msikitini, nikasahau.

Mama Halima alikitazama tu kijiti, bado kiko mkononi mwangu.