Kadi ya Sista

Mama Kadi hakuzaliwa na jina hilo, lakini limemganda kiasi kwamba hata mkurugenzi akimwandikia barua ya likizo huanza na "Kwa Mama Kadi". Ana miaka thelathini na moja katika maktaba ya kanda za sauti ya redio yetu, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, kinachopakana na choo, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Mimi ni fundi mitambo. Nimekunywa naye chai ya saa nne tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo nikisema namjua, namjua.

Kazi yake ni hii: kila kanda iliyoingia aliisikiliza, kisha akaiandikia kadi. Kadi ni ndogo, inaenea kiganjani. Juu tarehe, chini yake jina la aliyehojiwa, halafu mstari mmoja wa maneno yake. Mmoja tu. Alikuwa na kanuni yake, kwamba mstari huo uwe wa kumvuta mtangazaji afungue droo, atoe kanda, akasikilize mwenyewe.

"Kadi ni kibao cha mlangoni," aliwaambia wageni wa kazi. "Usilale kwenye kibao. Ingia ndani."

Hakuwahi kukosea tarehe. Tukibishana kuhusu jambo la zamani, nani alisema nini na lini, mtu alikuwa akisema, "Twendeni kwa Mama Kadi," na ubishi unaishia hapo. Alijivunia hilo, ingawa alijifanya hajivuni.

Ubaya ni kwamba nyumba zenyewe tulizibomoa. Kanda zilikuwa adimu miaka ile. Orodha ilikuja kutoka juu, Mama Kadi akapiga muhuri wa IFUTWE nyuma ya kadi na kutia sahihi, nami nikachukua kanda na kurekodi kitu kingine juu yake. Tulifuta mamia. Kadi hatukuzigusa, maana hazikuwa na matumizi mengine. Mwaka juzi zikapigwa picha zote na kuingizwa kwenye kompyuta. Sasa mtu akiwa chumba cha habari ghorofa ya pili anaandika jina tu, kadi inamtokea. Vibao vimebaki vinaning'inia, nyumba hakuna.

Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, mwandishi wetu mmoja tunayemwita Chapchap alichungulia mlangoni. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, hata akila.

"Shikamoo Mama Kadi."

"Marahaba mwanangu."

"Swali moja tu. Hizi kadi zako naweza kuziamini? Kuna moja nataka kuitumia."

Mama Kadi alikuwa akipangusa miwani. Hata hakuuliza ni ipi. "Kadi zangu zilikuwa zinasema kweli kabla wewe hujaota meno," alimjibu. Chapchap akacheka, akashukuru, akapotea. Mimi nilikuwepo, kikombe mkononi, na nilicheka pia.

Kadi yenyewe tuliisikia kwenye taarifa ya habari ya saa saba. Miaka ishirini na miwili iliyopita wauguzi waligoma, na redio yetu ikamhoji mmoja wao. Kadi ilisema, "Wagonjwa wafe tu." Muuguzi huyo leo ni mke wa mgombea ubunge. Chapchap aliyasoma maneno hayo mara mbili, taratibu kuliko kawaida yake, halafu akaongeza kwamba mtunza maktaba mwenye miaka thelathini kazini amethibitisha kuwa kumbukumbu hizo ni za kweli.

Mama Kadi aliweka kikombe chini. "Huyo ni Sista," alisema. "Ni Sista wangu huyo."

Sista ndiye aliyemuuguza mama mzazi wa Mama Kadi. Na ilikuwa wakati wa mgomo huohuo. Kila asubuhi alipita kwao bila sare, na bandeji kwenye mfuko wa plastiki, akamgeuza bibi kizee kitandani, akamsafisha vidonda vya mgongoni, kisha akaenda zake kukaa na wagomaji wenzake, ambao wangejua wangemwita msaliti. Alifanya hivyo siku kumi na tisa, hadi bibi alipokata roho mikononi mwake. Hata asante hakuitaka. Alisema tu, "Mpate usingizi sasa." Huyo ndiye nchi nzima ilikuwa inaambiwa alitaka wagonjwa wafe.

"Hakusema hivyo," Mama Kadi aliniambia. "Yaani, maneno yalitoka mdomoni mwake, lakini hakusema hivyo. Alisema, 'Huko mitaani wanatusingizia eti tunasema wagonjwa wafe tu. Nani ana moyo huo? Tumegoma kwa sababu wanakufa mbele yetu na hatuna hata glavu.' Mimi nikachukua ya katikati, nikaandika. Niliona ndiyo yatakayomvuta mtu asikilize."

"Basi tuwasikilizishe."

Alivuta droo. Nyuma ya kadi palikuwa na muhuri wa IFUTWE na sahihi yake. Chini ya sahihi yake palikuwa na sahihi ya fundi aliyefuta. Yangu. Sikukumbuka chochote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilimfuta mtu kama unavyofuta meza.

Kanda tuliipata, kwa sababu namba ya kanda haibadiliki hata lebo ikibadilika. Ilikuwa na hotuba ya kufungua kisima. Nikaitoa mashine ya zamani stoo, nikaipangusa vumbi na kusafisha kichwa chake kwa spiriti, tukakaa kusikiliza tukiwa na tumaini la kijinga kwamba labda kisima kilikuwa kifupi kuliko mahojiano. Hakikuwa kifupi. Dakika ishirini na nane mheshimiwa alishukuru kamati, akashukuru wajumbe wa kamati mmojammoja, akashukuru bomba. Mama Kadi alikuwa amekunja mikono mapajani. Kisha makofi, kisha mkwaruzo, na ghafla sauti ya mtangazaji wetu wa zamani: "Asante sana muuguzi kwa muda wako." Na sauti ya mwanamke aliyechoka ikajibu, "Asante na wewe. Mtuombee."

Basi. Baada ya hapo ni ukimya wa kanda.

Nilirudisha mara tatu. Mara ya tatu Mama Kadi alikuwa analia, na mimi nilijifanya nashughulikia waya.

Alipanda ngazi mwenyewe hadi chumba cha habari, yeye ambaye magoti yake humzuia hata kwenda kwenye mikutano ya wafanyakazi. Chapchap alimpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini asubuhi umeniambia kadi ni za kweli, mchana unaniambia si za kweli. Nitangaze ipi? Halafu umeniambia mwenyewe kwamba alimuuguza mama yako. Watu watasema unamlinda."

"Namlinda kweli. Nimemwangusha mimi."

"Kesho wana mkutano na waandishi, naye atakuwepo. Nitamuuliza mwenyewe. Akikana, nitatangaza kwamba amekana. Haki hiyo anayo."

Mhariri alikuwa kwenye meza ya pili, akaingilia bila kuinua macho. "Kumbukumbu haiongezewi maneno baada ya miaka ishirini na miwili, Mama Kadi. Tukianza mchezo huo, kila mgombea atakuja na kalamu yake." Naye hakukosea. Hilo ndilo lililonikera siku ile: kila niliyemtazama alikuwa na haki yake, na Sista alikuwa anazama.

Tulijaribu simu. Namba ilipokelewa na kijana wa kampeni.

"Mwambie Sista akane," Mama Kadi alisema. "Mwambie asikubali hata neno."

"Wewe ni nani?"

"Mama Kadi, wa redio."

"Redio tena? Hamjatosheka?" Simu ikakatwa, na tulipopiga tena haikupokelewa.

Kesho yake nilikuwa na kazi ya kufunga mikrofoni ukumbini, nikamchukua Mama Kadi akiwa amebeba waya, ili apite mlangoni kama msaidizi wangu. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Mgombea na mkewe walikaa mbele. Sista amekuwa mtu mzima, kichwa kimeota mvi, lakini kucha bado fupi kama za mtu anayesubiri kuitwa wodini.

Mgombea aliulizwa kuhusu barabara, akajibu. Akaulizwa kuhusu maji, akajibu na kutia chumvi. Yeye mwenyewe amesema mengi ya ajabu katika maisha yake, mengine nimeyarekodi kwa mikono hii, na hakuna aliyemkumbusha. Nimegundua kwamba mume huulizwa atafanya nini, na mke huulizwa alisema nini. Chapchap akasimama.

"Swali langu ni kwa mama. Mwaka wa mgomo uliiambia redio kwamba wagonjwa wafe tu. Unasemaje leo?"

Kabla hajafungua mdomo, wengine walikwisha kurukia. Unajua ni wangapi walikufa siku zile? Unajuta? Mumeo alijua ulipomwoa? Huyo wa mwisho alichekwa kidogo kwa kuteleza ulimi, kisha akarudia swali lake vizuri.

Mama Kadi alikuwa amesimama, mkono juu kama mwanafunzi. Kijana wa mlangoni akamwinamia. "Mama, una kitambulisho cha mwandishi?"

"Nina cha maktaba."

"Maswali ni ya waandishi tu, mama yangu. Kaa, tafadhali."

Wakati huo Sista aliinua uso akamwona. Aliona mkono ule juu, na akatabasamu. Tabasamu la mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Nilifikiri, sasa atakana.

"Kwa kweli sikumbuki nilichosema," Sista alianza. "Nilikuwa sijalala siku tatu. Tangu jana najiuliza, hivi mimi ningewezaje kutamka maneno kama hayo? Nimesema labda wamenisingizia. Lakini nimeambiwa aliyeandika ni Mama Kadi, yule pale nyuma. Namfahamu. Nilikuwa nyumbani kwake siku zilezile. Ni mtu mkweli, hana sababu ya kunionea. Kama ameandika yeye, basi nilisema. Naomba radhi kwa wagonjwa na kwa familia zao."

"Hukusema, Sista," Mama Kadi aliita. "Hukusema."

Kamera zilikuwa zinalia, viti vinaburutwa, waandishi wanakimbilia mbele. Mikrofoni zangu zote sita zilikuwa mezani kwa mgombea. Nyuma sikuwa nimeweka hata moja, kwa sababu nyuma hukaa watu wasio na la kusema. Mgombea akamshika mkewe kiwiko wakatokea mlango wa pembeni, na kijana wa mlangoni akamwomba Mama Kadi, kwa adabu zote, asaidie kukunja waya.

Saa tisa rekodi ya mkutano ilimfikia mezani kwake, kama zinavyomfikia zote. Mtu mwingine angejisingizia ugonjwa akaenda nyumbani. Yeye alivaa miwani na kusikiliza yote, pamoja na barabara na maji. Kisha hakuchukua kadi. Alichukua karatasi ndefu, akayaandika maneno ya Sista yote, kuanzia "Kwa kweli sikumbuki" hadi "familia zao", pamoja na mahali alipotajwa yeye kuwa mtu mkweli. Aliponisogezea karatasi aliniomba niilinganishe na rekodi, neno kwa neno.

Nililinganisha. Tarehe ilikuwa sahihi. Jina lilikuwa sahihi. Maneno yalikuwa ya Sista mwenyewe, yote. Hapakuwa na kosa.

"Nilipaswa kuandika namna hii tangu mwanzo," alisema. Akaigeuza karatasi na kuutazama upande wa nyuma, pale ambapo zamani alikuwa akipiga muhuri. "Na hii mtaifuta lini, fundi?"

Nilitamani kumdanganya. Angekuwa mtu mwingine ningemdanganya.

"Siku hizi hatufuti kitu, Mama Kadi," nilimwambia.