Fundi aliyeipima kayaki kwa tepu ya nguo

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Pindo amepiga magoti kwenye nyasi, mbele ya kayaki, mtumbwi mdogo wa plastiki, iliyolazwa ubavu, anafumua uzi.

Si uzi wa nguo. Ni mshipi wa kuvulia uliojisokota kwenye shingo ya propela, ile feni ndogo inayokaa chini ya maji na kukisukuma chombo. Mkononi ana kile kijembe chenye ncha mbili ambacho mafundi cherehani hukitumia kufumulia mshono uliokosewa. Anakipitisha chini ya mzunguko mmoja, anakata, anavuta, kisha anahamia mwingine.

"Ukivuta kwa pupa unachana mpira wa ndani," anasema bila kuinua kichwa. "Hapa ni kama hariri. Hapataki ugomvi."

Pembeni yake kuna beseni lenye perege kumi na mmoja na kambale mmoja ambaye mkia wake umening'inia nje. Kaka yake, mvuvi wa siku nyingi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na anaparua magamba.

"Mbona humwambii huyu mgeni mwandishi kwamba umenunua beseni lenye miguu?" kaka anachokoza.

"Mwambie wewe, kaka. Na umalizie lilivyokuvuta."

Kaka anainamia samaki wake na kuparua kwa bidii zaidi. Wanawake wawili wanaosuuza ndoo ukingoni mwa bwawa, mmoja wao mke wa kaka, wanaangua kicheko.

Mama Pindo ana miaka arobaini na sita, na ishirini na sita kati ya hiyo ameshona. Hana mtoto aitwaye Pindo. Jina hilo limetokana na sare za shule anazoziachia pindo refu chini, ili mtoto akirefuka, mzazi asilazimike kununua nyingine. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: meza ya kukatia, pasi, kabati la vitambaa na dirisha linalotazama bwawani.

Kwa miaka mingi alikuwa na kazi mbili. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, aliingia bwawani na kaka yake kwa mtumbwi wa mbao, wakavua kwa ndoano, na samaki akampelekea mwenye mgahawa wa barabarani. Anakadiria kwamba sehemu sita kati ya kumi za kipato chake zilitoka majini.

"Cherehani inanilisha shule zikifunguliwa," anasema. "Miezi mingine nalishwa na bwawa."

Miaka mitatu iliyopita bega lake la kushoto lilianza kukaza. Mwanzo alishindwa kufikia rafu ya juu, kisha akashindwa kusuka nywele zake mwenyewe. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimfanyisha mazoezi miezi saba, na mwisho akamwambia ukweli: bega hili litashona, lakini kupiga kafi haliwezi tena.

Akakaa nchi kavu miaka miwili. Kaka aliendelea kuvua peke yake na kumletea kitoweo, jambo ambalo Mama Pindo alishukuru na ambalo lilimuumiza. "Kupewa samaki na kuvua samaki ni vitu viwili," anasema. "Nilikuwa nashona dirishani, natazama maji, nameza mate."

Siku moja binti yake alimwonyesha picha za video kwenye simu. Mtu amekaa kwenye kiti juu ya chombo kidogo cha plastiki, mikono yote iko kwenye fimbo ya kuvulia, na chombo kinakwenda. Mama Pindo aliitazama mara tatu.

"Nikamuuliza binti yangu, huyu mbona anashona?"

Miguu ya yule mtu ilikuwa inakanyaga pedeli. Na kama kuna kitu ambacho Mama Pindo alikuwa nacho cha kutosha, ni miguu ya kukanyaga.

Wakati huo alikuwa na cherehani mbili. Moja ni ya miguu, ya chuma, aliyoanza nayo kazi. Nyingine ni ya umeme, inayotoboa vishimo vya vifungo yenyewe, aliyoinunua baada ya kujibana miaka sita. Akaiuza ile ya umeme.

Mumewe ni mpaka rangi wa nyumba. Siku ya tatu baada ya cherehani kuuzwa, wakinywa chai, alisema, "Mke wangu, mtu hauzi jembe akanunua viatu vya mpira."

"Baba watoto, jembe ni hii miguu. Hiyo siuzi."

Hata hivyo alijua mumewe ana hoja. Kilichopatikana kilitosha kayaki moja, ya bei ya chini, mara moja tu. "Nikikosea kuchagua, nimekosa cherehani na nimekosa samaki. Hakuna wa kumlilia."

Kwa hiyo hakwenda kununua. Alikwenda kutazama. Alifika kwenye duka la vifaa vya uvuvi mara nne kabla ya kutoa chochote mfukoni, na kila mara alikuwa na tepu shingoni na lile daftari ambalo huandika vipimo vya wateja. Katika ukurasa mmoja, chini ya mteja wa suruali mbili za kaki, aliandika: Kayaki.

Dukani kulikuwa na tatu za pedeli. Ya kijani ilikuwa na urefu wa futi kumi na mbili na mapezi mawili chini yake yanayopiga maji kushoto na kulia. Ya njano ilikuwa nyembamba, nyepesi, na ya bei rahisi kuliko zote. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, futi kumi na nusu, yenye propela. Ilikaa mwaka mzima karibu na dirisha hadi jua likaichujua upande mmoja, na bei yake ilishuka chini ya nusu ya ile ya kijani.

"Wengi wanauliza rangi na mahali pa kuweka kikombe," anakumbuka muuzaji, mzee wa makamo mwenye miwani ya kamba. "Huyu mama alipindua chombo juu chini, akapitisha ukucha kwenye maungio yote. Nilidhani mkaguzi wa serikali."

"Nguo hainunuliwi kwa kola," Mama Pindo anaeleza. "Igeuze ndani nje, mishono itasema ukweli."

Ya njano ilianguka mapema. Aliikalia pale pale sakafuni, akageuka nyuma kama mtu anayechukua chambo, ikalala naye ubavu. Alipima upana wake: inchi ishirini na nane. Ya kijivu ilikuwa thelathini na nne.

"Kama inaniangusha kwenye saruji, majini itanihurumia?"

Kisha akauliza swali lililomchanganya muuzaji: sindano ikivunjika nitaipata wapi?

"Mama, hii haina sindano."

"Baba, kila mashine ina sindano. Kuna kitu kidogo lazima kivunjike ili kikubwa kipone."

Muuzaji alivua miwani, akafikiri, akaenda nyuma ya duka na kurudi na kijipini cha chuma kisichozidi njiti ya kiberiti. Ndicho kinachoshikilia propela, na kimetengenezwa kikatike propela ikigonga jiwe, gia zisalimike. Cha kayaki ya kijivu kingeweza kuchongwa na fundi vyuma yeyote. Vipuri vya ile ya kijani viliagizwa, na mteja alisubiri miezi miwili.

"Tangu siku hiyo na mimi nakiita sindano," anasema muuzaji.

Bado Mama Pindo alitaka kujaribu majini. Muuzaji alikubali kuleta ya kijani na ya kijivu bwawani Jumapili moja, na habari zikaenea. Watu kama arobaini walisimama ukingoni, wengine na viti vyao.

Alianza na ya kijani. Akakaa, akafunga jaketi la kujiokolea, akaweka miguu kwenye pedeli na kukanyaga. Hakuna kilichotokea. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Kayaki ikatikisika kama ng'ombe anayefukuza nzi, ikabaki pale pale.

Alikuwa anakanyaga kwa miguu yote miwili kwa pamoja, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Mbaya zaidi, mkono wake wa kulia ulinyooka wenyewe kutafuta gurudumu la cherehani la kuanzishia, ukashika hewa, na nusura aufuate majini.

"Dada!" kaka alipaza sauti kutoka ukingoni. "Umesahau kutia uzi!"

Umati ulicheka hadi mtu mmoja akaanguka na kiti chake. Mama Pindo alishuka, akaazima baiskeli ya muuza mkate, akaisimamisha kwenye stendi yake na kukanyaga papo hapo, haendi popote, kwa nusu saa. Mguu mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Waliokuwa wanacheka walichoka kucheka.

Aliporudi majini alikwenda. Ya kijani ilikuwa na kasi, hilo hakulificha. Ya kijivu ilikuwa nzito kidogo kuanza. Lakini kwenye ya kijivu alijaribu kukanyaga kinyumenyume, na propela ikageuka, na chombo chote kikarudi nyuma kwa utulivu. Mapezi ya ile ya kijani yalikuwa ya kwenda mbele tu. Yenye mapezi yanayorudi nyuma ingeweza kuagizwa, kwa bei ya juu zaidi.

"Chukua ya kijani, inakimbia," kaka alimshauri, na safari hii alisema kwa dhati.

"Nani anafukuzana na samaki, kaka? Mshono usiorudi nyuma haufungi."

Mafundi wote wanalijua hilo. Ukianza kushona unarudisha mishono mitatu, ukimaliza unarudisha mishono mitatu, la sivyo nguo inafumuka siku ya kwanza. Akaongeza jambo moja: mkono wa usukani wa ile ya kijivu ulikuwa kushoto, chini, karibu na paja. Kiwiko kinatulia, kifundo cha mkono ndicho kinachozunguka. Bega halihusiki. Akaandika alama ya vema kwenye daftari na kumlipa muuzaji.

Mwezi wa nne baada ya kuinunua, upepo ulishuka ghafla saa tatu asubuhi. Kaka alikuwa katikati ya bwawa na mtumbwi wake wa mbao. Kafi lilikatika kwenye magugu maji, nanga ikaburutika, na mtumbwi ukaanza kuelekea kwenye ukuta wa bwawa, pale maji yanapomwagikia upande wa pili.

"Nilipiga maji kwa mikono," kaka anasema, na sasa hacheki. "Nikajua leo nimekwisha."

Mama Pindo alikuwa karibu na matete. Alikanyaga hadi upande upepo unakotokea, kisha akafanya kitu ambacho waliokuwa nchi kavu hawakukielewa: akamgeuzia kaka mgongo. Akaanza kurudi nyuma, taratibu, akizuia upepo kwa pedeli, mpaka kishikio cha nyuma cha kayaki kikawa mbele ya pua ya kaka yake.

"Funga, kaka! Fundo la kweli, si la suruali!"

Kaka alifunga kamba. Kutoka pale hadi ukingoni ni kama mita mia nne. Iliwachukua dakika arobaini. Mara mbili walisimama kabisa, pedeli zinazunguka na vyombo havisogei.

"Nilijiambia nina sare mia mbili za kumaliza na shule inafunguliwa kesho," anasema. "Mguu ukiuma, nahesabu sare nyingine."

Walipogusa mchanga, vigelegele vilisikika hadi kwenye mgahawa. Mumewe aliingia majini na viatu vyake vya kazi, vyenye matone ya rangi nyeupe, akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo majirani wanasema halijawahi kuonekana.

Mama Pindo hasemi kwamba kayaki ni muujiza. Ina uzito wa kilo thelathini na mbili, na bila kigari cha magurudumu mawili alichochomelewa na fundi vyuma asingeifikisha bwawani. Kamba ya usukani ilikatika mwezi wa pili. Sindano zimevunjika tatu. Upepo ukiwa mkali haingii majini, na hakuna anayethubutu kumshawishi.

Ila siku tano kwa juma mwenye mgahawa anapokea samaki kumi hadi kumi na tano, wabichi. "Zamani nilikuwa nawaambia wateja samaki wakiwepo," anasema mwenye mgahawa. "Siku hizi nawaambia samaki wapo."

Mchana Mama Pindo anashona kwenye cherehani yake ya miguu. Vishimo vya vifungo anavitoboa kwa mkono. Anaulizwa kama atanunua tena ile ya umeme, naye anatikisa kichwa.

"Nikijaliwa, nanunua kayaki ya pili. Ya wifi yangu."

Wifi, mke wa kaka, ndiye amekuwa akisafisha samaki ukingoni miaka yote hii bila kuingia majini. Wiki mbili sasa anajifunza kwenye kayaki ya kijivu, na mgahawa wa pili, ng'ambo ya barabara, umeshaulizia samaki. Kesho yeye na Mama Pindo wanakwenda dukani kutazama. Kutazama tu.

Propela ikiwa imeshasafishwa, Mama Pindo anaisimamisha kayaki vizuri na kumkalisha wifi kwenye kiti. Anavuta tepu kutoka shingoni, anaiweka kwenye nyonga na kuishusha hadi kwenye wayo. Anaandika: kesho dukani lazima ajue kama miguu ya wifi inafika kwenye pedeli.

"Basi, si umeshapata?" wifi anauliza, akijaribu kuinuka.

"Huo ni wa kulia. Kaa."

"Kwani wa kushoto una tofauti gani?"

"Wifi, nimeshona suruali miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona binadamu mwenye miguu sawa."

Kabla hajainama tena, sauti ya mwenye mgahawa inaita kutoka barabarani: maji yamechemka na samaki hawaonekani. Kaka anainua beseni. Mama Pindo anafunga daftari na kuingiza kalamu kati ya kurasa, kwenye mstari wenye kipimo kimoja na nafasi tupu pembeni yake.

"Wa kushoto kesho asubuhi," anamwambia wifi, "kabla ya kwenda. Na uje na viatu utakavyovaa."